Namna ya Kupima Kaboni Ogania Iliyoyeyuka katika Bahari ya Pwani na Kutambua Kinachoibadilisha

Chota maji pale mto unapoingia baharini, yachuje kwa kichujio cha nyuzi za kioo hadi yasibakiwe na chembe ya tope wala ya mwani, kisha yainue kwenye mwanga. Mara nyingi utayaona yana rangi ya kahawia hafifu ambayo kichujio hakikuweza kuizuia. Rangi hiyo ni sehemu tu ya kaboni ogania iliyoyeyuka, yaani kaboni iliyomo katika sukari, protini, asidi za mboji na maelfu ya kampaundi nyingine zilizotokana na viumbe hai na masalia yao, ambazo ni ndogo kiasi cha kupenya kwenye vitundu vya kichujio. Katika majarida ya kisayansi huandikwa kwa herufi DOC. Bahari zote za dunia zina takriban gigatani 660 za kaboni ya namna hii, kiasi kinachoweza kulinganishwa na kaboni yote iliyomo hewani kama dioksidi ya kaboni, na mito huongeza takriban robo ya gigatani kila mwaka, ambayo yote hulazimika kupita pwani kabla ya kufika bahari kuu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mtafiti au ofisa wa mazingira anayetaka kupima kaboni hiyo katika ghuba, hori au mlango wa mto, na kisha kueleza ni nini kinachoipandisha au kuishusha. Wengi huanza kwa kuuliza watumie mashine gani. Mimi nashauri mtu aanze na chumvi, kwa sababu katika bahari ya pwani tofauti kubwa kati ya sampuli mbili kwa kawaida hutokana na jambo moja tu: moja ina maji mengi ya mto kuliko nyingine. Athari za jua, bakteria, mikoko au majitaka hujificha chini ya tofauti hiyo, na hazionekani mpaka iondolewe kwanza.

Ni vizuri pia kuwa na namba chache kichwani kabla ya kutoka. Katika kina kirefu cha bahari kuu kiwango cha kaboni hii ni takriban mikromoli 40 kwa lita (mikromoli ni sehemu ya milioni ya moli, kizio cha kuhesabu atomi). Kwenye uso wa bahari kuu ni kati ya 60 na 80. Pwani huanzia hapo na kupanda hadi mia kadhaa. Na mito inayotoka kwenye misitu minene na ardhi oevu yenye mboji inaweza kuzidi 1,000. Wanaopima maji ya mito na mabomba hutumia miligramu kwa lita, kwa hiyo ukipewa takwimu zao zidisha kwa 83.3 ili upate mikromoli. Ukipima maji ya bahari ya wazi ukapata 150, usifurahie uvumbuzi. Yaelekea umechafua sampuli.

Kupanga vituo kwa chumvi

Kosa la kawaida ni kupanga vituo kwa umbali, kwa mfano kimoja kila baada ya kilomita mbili kutoka mdomo wa mto kuelekea baharini. Maji hayajui kilomita. Maji yanapojaa, kituo kilichokuwa na maji karibu matamu asubuhi kinaweza kuwa na maji ya bahari tupu ifikapo adhuhuri, na ukirudi mwezi ujao wakati wa mvua utakuta hali imegeuka kabisa. Chukua kipima chumvi mkononi, uende na mashua polepole, na usimame kila chumvi inapobadilika kwa vizio vitatu hadi vitano (kizio kimoja ni takriban gramu moja ya chumvi kwa kilo ya maji), kuanzia sifuri hadi maji ya bahari yenye chumvi ya takriban 35. Kati ya sifuri na tano ongeza vituo, hata kila kizio kimoja, kwa kuwa hapo ndipo baadhi ya asidi za mboji zinazosafirishwa na mto pamoja na chuma hukutana na chumvi kwa mara ya kwanza, zikagandamana na kuwa chembe zinazozama. Ukiliruka eneo hilo fupi, utaona kaboni imepungua bila kujua ilikopotelea.

Katika kila kituo andika chumvi, joto, saa, hali ya maji (yanajaa au yanakupwa), na kina ulichochota. Ikiwezekana chukua pia sampuli za virutubisho, klorofili na ufyonzaji wa mwanga. Hizi ni nafuu ukilinganisha na gharama ya kurudi tena, na bila hizo sehemu ya mwisho ya mwongozo huu haitakusaidia.

Chota pia maji ya mto penyewe, juu ya mahali chumvi inapofika, na ufanye hivyo mara kadhaa katika wiki zinazotangulia safari. Sababu yake itaonekana nitakapofika kwenye mstari wa mchanganyiko, lakini niseme mapema kwamba hii ndiyo kazi inayoachwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayoharibu tafsiri nyingi zaidi.

Kuchota, kuchuja na kuhifadhi

Ili kuelewa kwa nini usafi unasisitizwa kupita kiasi, fikiria kinachotokea ndani ya mashine. Kila mara inavuta mikrolita 100 za sampuli, yaani tone moja au mawili. Kama sampuli ina mikromoli 40 kwa lita, tone hilo lina nanogramu 48 tu za kaboni, ambazo ni pungufu ya sehemu moja ya milioni 20 ya gramu. Sasa fikiria upande wa pili: tone la mikrolita 50 za ethanoli likidondokea katika lita moja ya maji ya bahari, huongeza kaboni kwa karibu mikromoli 1,700, yaani zaidi ya mara 20 ya kile ulichokuja kukipima. Hata mvuke wa kiyeyushi unaofunguliwa kwenye meza ya jirani unatosha kupandisha kipimo. Niliwahi kupoteza sampuli za safari nzima kwa sababu mtu fulani alipangusa meza kwa spiriti dakika chache kabla sijafungua vichupa, na ilinichukua wiki mbili kung'amua kwamba kilele nilichokuwa nakishangilia hakikutoka baharini.

Kwa hiyo tumia vyombo vya kioo, uvisafishe kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, uvisuuze kwa maji safi ya maabara, uvifunge kwa karatasi ya alumini, kisha uvichome katika tanuru kwa nyuzi 450 za Selsiasi kwa saa nne au zaidi. Vichujio vya nyuzi za kioo vyenye vitundu vya takriban mikromita 0.7 navyo huchomwa hivyo hivyo. Usitumie vichujio vya selulosi bila kuvisuuza sana, kwa sababu vyenyewe ni kaboni na hutoa sehemu yake ndani ya maji. Vifuniko vyenye utando wa tefloni kwa ndani ni bora kuliko vya mpira.

Ukiwa majini, chota upande ambao upepo unatokea, mbali na moshi wa injini, na ikiwezekana zima injini kabisa. Vaa glavu zisizo na poda. Zamisha chupa chini ya uso wa maji ndipo uifungue, kwa kuwa ngozi nyembamba ya juu kabisa hukusanya mafuta na vitu vingine vinavyoelea. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya kituo hicho hicho, ndipo ujaze.

Chuja mapema, ndani ya saa chache, na usisubiri kufika nyumbani. Bakteria waliomo hawajui kwamba wameingizwa kwenye chupa. Wanaendelea kula, na seli za mwani zinaendelea kufa na kuvuja. Wakati wa kuchuja, mililita za kwanza 50 hadi 100 zipite zimwagwe, ndipo uanze kukusanya. Usivute kwa nguvu. Ukitazama kwa makini kichujio cha maji yenye mwani mwingi utaona tabaka la kijani likitanda na mtiririko ukipungua. Hapo kishawishi cha kuongeza mvuto ni kikubwa, lakini mvuto mkali hupasua seli, na yaliyomo ndani yake hupenya na kuhesabiwa kama kaboni iliyoyeyuka. Badilisha kichujio badala ya kuongeza nguvu.

Ikumbukwe hapa kwamba "iliyoyeyuka" ni jina la utaratibu kuliko la asili. Virusi na baadhi ya bakteria wadogo hupita kwenye vitundu vya mikromita 0.7 na kuhesabiwa, na anayetumia kichujio cha mikromita 0.2 atapata namba ndogo kidogo kutoka kwenye maji yale yale. Chagua kimoja, ukiandike, na usikibadilishe katikati ya utafiti.

Baada ya kuchuja, tia asidi hidrokloriki safi ya daraja la juu mpaka pH ishuke hadi takriban 2, funga, na uhifadhi gizani kwenye baridi ya nyuzi 4. Asidi huua bakteria na pia hugeuza kaboni isiyo ogania, yaani ile iliyomo majini kama bikaboneti na kaboneti, kuwa gesi. Kwa maji ya mto yenye rangi nzito usizidishe asidi, maana chini ya pH 2 asidi za mboji huanza kuganda na kutua chini ya kichupa. Unaweza pia kugandisha sampuli kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ilimradi usijaze chupa zaidi ya robo tatu kwa sababu barafu hupanuka na kupasua kioo. Lakini maji ya kahawia ya mto yakigandishwa yanaweza kuacha mashapo yanapoyeyuka, kwa hiyo kwa maji hayo mimi huchagua asidi.

Mashine na sampuli tupu

Njia inayotumika zaidi leo kwa maji ya bahari ni ya kuchoma sampuli kwenye safu yenye kichocheo cha platini kwa nyuzi karibu 680 hadi 720, kisha kupima dioksidi ya kaboni inayotoka kwa miale ya infraredi. Kabla ya kuchoma, sampuli iliyotiwa asidi hupulizwa kwa gesi isiyo na kaboni kwa dakika kadhaa. Hatua hii haina mjadala. Maji ya bahari yana karibu mikromoli 2,000 kwa lita za kaboni isiyo ogania, na ikibaki hata asilimia mbili yake, umeongeza mikromoli 40 zisizokuwepo.

Maabara nyingi za maji ya kunywa hutumia njia nyingine, ya persalfeti na mwanga wa urujuanimno. Kwa maji yasiyo na chumvi ni njia nzuri, lakini katika maji ya bahari kloridi hugombania kioksidishaji na kaboni nyingine hubaki bila kuunguzwa, hivyo namba huwa ndogo kuliko ukweli. Ukipeleka sampuli zako kwa watu wengine, uliza swali hili kabla ya kulipa.

Jambo linalofuata ni sampuli tupu, yaani maji safi yanayopimwa ili kujua kaboni isiyotoka kwenye sampuli yenyewe, na historia ya fani hii inatoa funzo lake. Mwaka 1988 watafiti wa Kijapani Sugimura na Suzuki walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba bahari ina kaboni ogania nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Kwa miaka kadhaa maabara mbalimbali zilijaribu kurudia matokeo hayo bila kufaulu, hadi mwaka 1993 Suzuki mwenyewe alipoyaondoa. Mjadala huo ndio uliofanya watu wachukulie kwa uzito kaboni inayotoka ndani ya mashine yenyewe. Kichocheo kipya hutoa kaboni, maji ya maabara yana kaboni yake, na hata asidi unayotia ina kiasi fulani. Endesha maji safi mara nyingi mpaka usomaji utulie, pima sampuli tupu mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kila siku, na utoe thamani yake kwenye kila kipimo.

Kwa kusawazisha mashine tumia miyeyusho ya potasiamu hidrojeni fthaleti (kampaundi safi ambayo kiasi chake cha kaboni kinajulikana) ya viwango vinne au vitano vinavyozunguka kiwango unachotarajia. Kisha pima sampuli rejea ya maji ya bahari, ambayo thamani yake inajulikana. Maabara ya Dennis Hansell katika Chuo Kikuu cha Miami imesambaza kwa miaka mingi maji rejea ya kina kirefu, yenye mikromoli arobaini na kidogo kwa lita, na watafiti wa nchi nyingi hulinganisha vipimo vyao kwa maji hayo. Ukipata 44 pale inapotakiwa 43, endelea. Ukipata 58, simama. Usipime sampuli hata moja mpaka ujue 15 zilizozidi zimetoka wapi. Chumvi inayojikusanya juu ya kichocheo pia hupunguza uwezo wake kadiri siku zinavyopita, na dalili yake ya kwanza ni vilele kuwa vipana na vipimo vya kurudia kupishana.

Mstari wa mchanganyiko

Sasa chora kaboni kwenye mhimili wa wima na chumvi kwenye mhimili wa ulalo. Unganisha sampuli ya mto na sampuli ya bahari kwa mstari mnyoofu. Kama hakuna kinachotokea zaidi ya maji mawili kuchanganyika, vituo vyote vitalala juu ya mstari huo.

Tuchukue mfano wa namba. Mto una 400 kwenye chumvi sifuri, bahari ina 75 kwenye chumvi 35. Kila kizio cha chumvi kinapunguza kaboni kwa 325 gawanya kwa 35, yaani 9.29. Kwenye chumvi 2 unatarajia 381, lakini umepima 340: zimepungua 41, na kwa kuwa ni eneo la chumvi ndogo, mgandamano wa asidi za mboji ndio mshukiwa wa kwanza. Kwenye chumvi 20 unatarajia 214, lakini umepima 250: zimezidi 36, kwa hiyo kuna chanzo katikati ya njia. Kama vipimo vyako vya kurudia hupishana kwa 3, tofauti zote mbili ni za kweli. Kama hupishana kwa 20, usiandike chochote bado.

Masalio haya, yaani kipimo ukitoa kilichotarajiwa, ndiyo utakayoyalinganisha na mazingira. Hata hivyo mstari unaweza kudanganya. Tuseme maji hukaa katika ghuba kwa siku 15, na siku kumi zilizopita mvua kubwa ilipandisha kaboni ya mto kutoka 250 hadi 400 kabla haijashuka tena. Maji ya mto uliyoyapima leo si yale yaliyochanganyika katikati ya ghuba, na mchoro wako utapinda kana kwamba kuna chanzo, ilhali hakuna. Ndiyo maana niliomba mto upimwe kwa wiki kadhaa kabla ya safari. Pale penye mito miwili, au maji ya chini ya ardhi yanayochuruzika ufukweni, mstari mmoja hautoshi kabisa, na utahitaji kiashiria cha pili kama vile radoni (gesi iliyo nyingi katika maji ya chini ya ardhi) au isotopu za kaboni.

Kutambua kinachosukuma masalio

Mvua na mto huathiri ncha ya mstari kuliko masalio. Maji ya mvua za mwanzo hupita kwenye tabaka la juu la udongo lenye mboji na kusomba kilichojilimbikiza wakati wa kiangazi, hivyo mara nyingi kaboni hupanda mapema mto unapoanza kujaa, na huweza kushuka ilhali mto bado umefurika. Anayechota mara moja kwa msimu hawezi kuliona hili.

Mikoko inahitaji ratiba yake. Usiilinganishe kwa sampuli moja ya asubuhi. Simama mahali pamoja kwenye mkondo wa mikoko na uchote kila saa kwa mzunguko mzima wa maji, ambao ni takriban saa 12 na dakika 25, na ikiwezekana mizunguko miwili. Maji yanapokupwa, yale yaliyokaa ndani ya matope na mashimo ya kaa hutoka taratibu yakiwa yamebeba kaboni, na kilele huonekana karibu na mwisho wa kupwa, mara nyingi bila chumvi kushuka kwa kiwango kinacholingana. Rudia wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, kwa sababu bamvua hufurika sehemu ya msitu ambayo siku nyingine haiguswi. Mikoko inakadiriwa kuchangia zaidi ya asilimia 10 ya kaboni iliyoyeyuka inayotoka nchi kavu kwenda baharini, ingawa eneo lake ni dogo mno, kwa hiyo kazi hii ya kukesha ina thamani yake.

Jua linatambuliwa kwa rangi. Mwanga wa urujuanimno huvunja kwanza kampaundi zenye kufyonza mwanga, hivyo rangi hupauka haraka kuliko kaboni inavyopungua. Pima ufyonzaji kwenye nanomita 254 na 350, pamoja na mteremko wa ufyonzaji, yaani kasi ambayo ufyonzaji hushuka urefu wa wimbi unapoongezeka, kati ya nanomita 275 na 295. Ukiona mteremko unaongezeka na rangi inashuka huku kaboni ikipungua kidogo tu, jua linafanya kazi. Ukiona kaboni inapungua pamoja na rangi kwenye chumvi ndogo, rudi kwenye mgandamano.

Mwani mdogo hutoa kaboni, lakini si lazima siku ile ile klorofili inapofika kileleni. Nitrojeni au fosforasi ikiisha, seli huendelea kutumia jua kutengeneza sukari ambazo haziwezi kuzitumia kukua, na huziachia majini. Kwa hiyo ziada ya kaboni mara nyingi huchelewa, na hukutwa pale ambapo virutubisho vimeshakwisha na maji yametulia katika matabaka. Kinyume chake, upepo unapoinua maji ya kina kirefu, maji hayo huja baridi, yenye virutubisho vingi na kaboni ogania kidogo; kaboni hushuka bila kuliwa na mtu.

Ili kujua bakteria wanakula kiasi gani, weka maji yaliyochujwa kwenye vichupa vya kioo, ongeza kiasi kidogo cha maji yenye bakteria wa mahali hapo, yaache gizani kwa joto la eneo husika, na upime siku ya kwanza, ya saba na ya 28. Kinachopungua ndicho kinacholika kwa urahisi. Maji yaliyoguswa na majitaka hupungua kwa kasi mwanzoni na huwa na amonia nyingi. Maji ya kahawia kutoka msituni hupungua polepole.

Tahadhari moja inahusu joto. Ukiweka takwimu zako kwenye kompyuta, joto karibu kila mara litaonyesha uhusiano na kaboni, kwa sababu msimu wa joto una mvua zake au ukame wake, mwani wake na jua lake. Linganisha joto na masalio, wala si na kaboni ghafi, na uangalie kama uhusiano unabaki ndani ya msimu mmoja. Ukitoweka, ulikuwa unapima kalenda.

Masalio yasiyoelezeka kwa lolote kati ya haya yarudishe kwenye daftari la maabara kabla ya kuyatafutia nadharia: tazama siku sampuli zilipopimwa, sampuli tupu ya siku hiyo ilisoma ngapi, na kama vichupa husika vilichomwa kwenye tanuru moja.